Neno Moja Jema Kabla ya Maji

Muuguzi wa kliniki yetu aliniomba niongee na wagonjwa wanaoanza dawa. Nilisimama mbele yao, nikamwona msichana mmoja amelazwa kwenye benchi, kichwa chake kwenye mapaja ya mama yake. Nilisema tu kwamba ninaitwa Amoit na kwamba niliwahi kulala hivyo hivyo, kisha nikaketi. Yale niliyoshindwa kuyasema siku ile ndiyo ninayoyaandika hapa. Namwandikia yule msichana, na yeyote ambaye sasa amelala chali hadi ameyajua mabati ya nyumba yake msumari kwa msumari.

Mimi ni fundi wa nguo. Nina kibanda mjini Busia, karibu na soko, na kazi yangu kubwa ni gomesi, lile vazi la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana ambalo akina mama wa pande zote mbili za mpaka hulivaa harusini na matangani. Nilizaliwa Amagoro, mimi ni Mteso. Niliolewa na Wandera, Mluhya wa Khunyangu kule Butula, ambaye ni karani wa watu wa kupitisha mizigo Malaba. Yeye alikuwa na chumba chake Malaba, mimi nilikaa Busia na watoto wetu wawili, na mwisho wa juma tulikutana. Ndivyo maisha ya mpakani yalivyo. Riziki huwatawanya watu, nao hujikusanya wanapoweza.

Maumivu yalianza msimu wa kupalilia, katikati ya mgongo, chini kidogo ya mahali mkono unapoweza kufika. Kila mtu alilaumu cherehani, nami nikailaumu pia. Nilibadilisha kiti. Nilimeza vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa, jirani akanikanda kwa mafuta, mchungaji akaniombea. Jioni mwili ulichemka, na asubuhi shuka ilikuwa imelowa jasho kama iliyoanikwa mvuani. Mimi ambaye kazi yangu ni kupima viuno vya watu sikuupima wangu. Mteja mmoja kutoka ng'ambo ya Uganda ndiye aliyeniambia, nikiwa nimepiga magoti kumpima urefu wa gomesi. Alinitazama utosini, akaniita mama kwa lugha ya kwao, akasema kwa upole, "Nyabo, wewe unaisha."

Wakati wa mavuno, siku moja nilikaa kwenye cherehani, nikatia kitambaa, nikakanyaga pedali. Sindano haikwenda. Nikadhani mkanda umekatika. Nilipoinama kuangalia, niliona mguu wangu umeteleza kutoka kwenye pedali, umelala sakafuni ubavu, nami sikuwa na habari. Nilikuwa bado naamini ninakanyaga.

Wandera aliomba ruhusa kazini akanipeleka hospitali. Kungoja hospitalini nako ni kazi, na mwenye mgongo mbovu huifanya akiwa amelala ubavu kwenye benchi ambalo wengine wanalihitaji. Nakumbuka mama mmoja aliyesimama muda wote ili mimi ninyooke. Sikumuuliza jina. Alikuwa na karanga kwenye leso, na kila alipokula alinitilia chache mkononi bila kusema kitu, kana kwamba tumejuana tangu utoto. Kutoka hapo tulitumwa hospitali kubwa ya rufaa, nikapitishwa kwenye mashine inayofanana na bomba la kalavati, lile la kupitishia maji chini ya barabara, na siku iliyofuata daktari, dada mdogo kuliko mimi, akatuita.

Alisema ni TB, lakini imekaa kwenye uti wa mgongo. Nikamwambia sikohoi. Akasema si kila TB hukohoa, na kwamba hii yangu haingewaambukiza watoto wangu. Imeula mfupa na usaha unabana mishipa inayokwenda miguuni. Nitameza dawa mwaka mzima, pengine zaidi, na nitavaa mkanda mgumu wa kushikilia mgongo. Wandera aliuliza swali moja tu.

"Atatembea?"

"Wengi hutembea," daktari akasema. "Lakini siwezi kukuahidi."

Tulitoka pale tukiwa tumesikia mambo mawili tofauti. Wandera alisikia "wengi". Mimi nilisikia "siwezi kukuahidi".

Kibanda kikafungwa. Mimi na watoto tukahamia Khunyangu kwa mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Kukhu, yaani nyanya. Ni mjane, mwembamba, mwenye maneno machache. Tangu niolewe, mimi na yeye tulisalimiana kama watu wanavyosalimiana matangani, kwa heshima na bila mazungumzo. Alikuwa amemtafutia mwanawe msichana wa pale pale Butula, wa lugha yao, mtoto wa rafiki yake wa kanisani. Badala yake mwanawe alimletea Mteso wa Amagoro mwenye cherehani. Hakuwahi kunitukana. Hakuwahi pia kukaa jikoni nami zaidi ya muda wa chai kuchemka.

Sasa ndiye aliyenigeuza kitandani, ndiye aliyeniletea beseni, na ndiye aliyeniosha.

Yule msichana kwenye benchi atapenda kujua mwili hufanya nini, kwa hiyo nitasema. Dawa huufanya mkojo uwe rangi ya soda ya machungwa, na mara ya kwanza nilidhani navuja damu. Kichefuchefu huja kabla hata ya kumeza, ukiviona tu vile vidonge kwenye kiganja. Mkanda wa mgongo huchubua mbavu na wakati wa joto hunuka. Miguu yangu ilikonda hadi magoti yakawa makubwa kuliko mapaja. Nilipoyashika mapaja hayo niliyahisi kwa vidole, lakini yenyewe hayakunihisi. Nilikuwa kama ninayeshika miguu ya mtu mwingine aliyelala nami kitanda kimoja.

Dada yake Wandera alikuja Jumapili moja. Alinijulia hali kutoka mlangoni, kikombe changu akakitenga mbali na vingine. Baadaye nilimsikia jikoni, maana ukuta ule ni wa udongo na hauzuii kitu, akimwambia mama yake kwamba mgonjwa arudishwe kwao Amagoro akaangaliwe na watu wake, mama mzee asimalizwe na mzigo usio wake. Nilitega sikio kusikia jibu la Kukhu. Nilisikia tu kifuniko cha sufuria kikitua kwa nguvu.

Wandera alikuja kila Jumamosi kutoka Malaba. Alikaa kwenye stuli karibu na mlango, akauliza kama nimekunywa dawa, kisha akatazama simu yake au miguu yake. Nilimwona kama mtu anayengoja gari lake. Akiondoka nililia, na Kukhu akija na maji asubuhi alinikuta bado nalia. Nilimlilia kwamba maji ni baridi, kwamba ninanuka, kwamba watoto wanakua na mama aliye kama gogo, kwamba ingekuwa heri nife mapema nimpunguzie kazi.

Asubuhi moja aliweka ndoo chini, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, tena vibaya.

"Mama Taaka," akasema, kwa kuwa binti yetu mkubwa ni Taaka, "hii mgongo yangu pia iko na miaka. Maji nitabeba. Lakini maji pamoja na huzuni yako, vyote viwili siwezi. Kuanzia kesho, kabla nimwage maji, utaniambia kitu kimoja kizuri. Hata kama ni kidogo. Kama huna, tutakaa hapa mpaka maji ipoe."

Nilimwona mkatili. Nilikaa siku nzima nikitafuta neno la kumkomesha, na kesho yake nikamwambia jambo jema ni kwamba jogoo wa jirani hakuwika. Akafikiri, akakubali, akamwaga maji. Siku iliyofuata nikasema uji haukuwa na madonge. Akauliza kama hiyo ni sifa ama ni matusi, na akamwaga maji. Nikaendelea hivyo, kwa kiburi, hadi maneno ya kejeli yakaniisha.

Hapo ndipo ilinibidi nianze kutafuta kwa kweli. Mlango wa chumba ukiwa wazi, kutoka kitandani niliona kipande cha uwanja, mstari wa maharagwe na kona ya zizi. Sikuwa nimekitazama. Sasa nilikuwa nakichungulia kama mtu aliyepoteza sindano. Nikaona maharagwe yametoa maua. Nikamsikia Taaka akimsomea mdogo wake kwa sauti ya mwalimu wake, hata kikohozi cha mwalimu akikiiga. Nikajifunza kuisikia mvua ikija kutoka upande wa Uganda kabla haijafika, kwanza kwenye migomba ya mbali, halafu kwenye mabati ya jirani, halafu kwetu. Nililitunza neno la kesho tangu mchana, nikaogopa nisije nikalisahau. Siwezi kusema nilikuwa na shukrani. Nilikuwa na kazi tu, na kwa mtu ambaye mikono yake ilikuwa imezoea kazi tangu asubuhi hadi jioni, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Sitakudanganya. Neno jema haliui vidudu vya TB. Dawa ndizo huviua, na usiache kuzimeza hata siku moja kwa sababu eti unajisikia vizuri ama umeombewa. Lakini mimi nilikuwa mtu aliyegeukia ukuta. Baada ya wiki kadhaa za lile zoezi la Kukhu nilianza kugeukia mlango. Nikala ugali wa mtama na muhogo ukaisha kwenye sahani. Nikalala usingizi wa kweli. Vidonge nilivimeza bila kubembelezwa. Mwili uliolishwa na kulala hupigana vizuri zaidi, hata mimi fundi wa nguo najua hilo.

Kisha nikamdai na yeye. Nilimwambia si haki mimi nitoe kila siku naye apokee tu. Akacheka, nikagundua sikuwahi kumsikia akicheka akiwa nami peke yangu. Akaanza kutoa yake: kwamba magoti hayakumuuma akienda kisimani, kwamba kuku aliyedhani ameibwa alirudi na vifaranga, kwamba mwimbaji mwenye sauti mbaya kanisani alikuwa amesafiri.

Jumamosi moja Wandera alitukuta tukicheka hivyo, mimi nikiwa na povu la sabuni hadi shingoni. Alisimama nje ya pazia akauliza kuna nini. Mama yake akamweleza. Jumamosi iliyofuata hakukaa kwenye stuli ya mlangoni. Aliivuta hadi kitandani, akasema naye ana lake. Alikuwa amewaona madereva wawili kwenye foleni ya matrela Malaba, mmoja wa Kongo na mwingine wa Rwanda, wamekaa kwenye kivuli cha trela wakinyoana nywele, na aliyekuwa akinyolewa alikuwa akitoa amri kama bosi. Nilitaka kujua kila kitu. Nani alikuwa amenyolewa vizuri zaidi? Walikuwa wakizungumza lugha gani? Akaeleza, akaeleza, halafu akakatiza, akaivua kofia yake.

"Nimekuwa nikikaa kimya," akasema, "kwa sababu kila nikifungua mdomo nasikia kilio kinakuja. Na mimi nikianza kulia, wewe utajua naogopa."

Nilimwambia nilikuwa najua anaogopa, ila nilidhani ananiogopa mimi. Aliushika mguu wangu, ule usiohisi, akaukalisha kwenye mapaja yake. Tangu siku hiyo alikuja kila juma na mzigo wa habari za Malaba, na mimi nikawa najua mambo ya mpaka kuliko wanaoupita.

Mvua za vuli zilipoanza, miguu ilianza kuchomachoma kama iliyokaliwa. Daktari alisema hiyo ni dalili nzuri. Tulikuwa hata hatujamaliza kuifurahia, Taaka akanitazama asubuhi moja akasema macho yangu ni ya njano. Kufikia jioni nilikuwa natapika hata maji. Tulikodi gari likanipeleka hospitali nikiwa nimelazwa kiti cha nyuma. Dawa zilikuwa zimelichosha ini. Ilibidi zisimamishwe zote hadi litulie.

Nilirudishwa nyumbani bila dawa, mkanda mgongoni, ugonjwa ndani, na hakuna kinachouzuia. Ule mchomo wa miguuni nikaona kama unafifia. Labda ulikuwa unafifia kweli, labda ni hofu. Kukhu alikuja na ndoo asubuhi, akaketi, akangoja. Nikamwambia leo sina. Nimetafuta, sina.

"Basi leo usitafute," akasema. "Leo nitasema yangu na yako."

Alichovya kitambaa kwenye maji, akakikamua, akakishika tu mkononi.

"Nilitaka Wandera aoe msichana wa hapa. Wewe ulijua, hata mimi nilijua unajua. Huyo dada yake aliniambia nikurudishe kwenu. Nilimwambia hapa ndiyo kwenu. Niko na shukrani mtoto wangu hakunisikia. Hiyo ni yangu. Na yako ndiyo hiyo hiyo."

Kisha akaniosha uso. Nililia sana, na kwa mara ya kwanza hakunikataza. Aliendelea kupangusa na kukamua, kupangusa na kukamua, hadi maji yakapoa na bado hatukuinuka.

Dawa zilirudishwa polepole, moja baada ya nyingine, na kila baada ya siku chache damu yangu ilipimwa. Ini lilikubali. Weupe ukarudi machoni. Na asubuhi moja, shamba likiwa limejaa umande, Kukhu alikuwa akiniosha miguu huku akisimulia mambo ya kanisani, nikamkatiza.

"Mama, umenishika kidole."

"Kipi?"

"Hicho kinachofuata kikubwa."

Akakiacha, akashika kingine bila kusema. Nikakitaja. Akashika kisigino, nikakitaja. Mguu wa pili ulikosea mara nyingi, lakini hata huo ulipata viwili. Alisimama akiwa na kitambaa kinachotiririka maji, akaenda mlangoni, akamwita Taaka aje amtazame mama yake, halafu akarudi akaketi ukingoni mwa kitanda. "Orio," akasema, "orio muno," asante sana, na sikujua kama anamwambia Mungu ama ananiambia mimi.

Kutoka hapo safari haikuwa ya miujiza. Nilikaa, nikaanguka ubavu, nikakaa tena. Fundi wa mbao wa kule kijijini alinitengenezea kitu cha kushikilia, chenye miguu minne, kizito kama mlango. Nilisimama nikishikilia mwimo wa mlango huku mapaja yakitetemeka. Nilijifunza kutembea na mwanangu mdogo akinitangulia kinyumenyume, akinisifu jinsi mimi nilivyomsifu zamani. Siku niliyokwenda chooni peke yangu na kurudi peke yangu, nilikaa kwenye baraza nikacheka kama mlevi. Watu hufikiri furaha kubwa za maisha ni harusi. Hawajawahi kuhitaji kubebwa kwenda chooni.

Dada yake Wandera alikuja tena msimu wa kupanda, amebeba jogoo chini ya kwapa. Taaka alileta chai. Shemeji yangu aliinua kikombe kilichokuwa mbele yangu, akanywa, akakirudisha mahali pake, akaanza kunieleza habari za watoto wake. Nilikipokea kitendo hicho kama kilivyokuja. Nilikuwa nimejifunza kutodai jambo jema liwe kubwa kabla sijalipokea.

Nilimaliza dawa mavuno ya mwaka uliofuata. Daktari aliziangalia picha mpya, akaniambia nitembee kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Nilipogeuka nilimwona Wandera amejifunika uso kwa kofia yake.

Sikurudi kama nilivyokuwa. Mgongo wangu umebaki na kinundu kidogo ambacho mimi, kwa kuwa fundi, najua jinsi ya kukificha chini ya gomesi, lakini siku nyingi sijisumbui. Mguu wa kushoto hujiburura nikichoka. Siwezi kukaa kwenye cherehani siku nzima, kwa hiyo nimemchukua msichana wa kunisaidia, nami hukata vitambaa nikiwa nimesimama. Zipo siku mgongo ukiuma, hofu hurudi yote kwa mkupuo mmoja, na siku hizo neno jema hulitafuta hadi jioni. Kwa hiyo, wewe uliyelala kwenye benchi, usifikiri ninakuambia utabasamu. Lia. Ila tafuta kimoja, hata kwa hasira, hata kwa kejeli, na umwambie mtu. Ukikikosa kabisa, mruhusu mwenzako akusemee.

Mwezi uliopita nilikuwa na gomesi ya mama wa bibi harusi, upande wa Uganda. Ningeweza kumtuma bodaboda. Nikaamua kuipeleka mwenyewe, kwa miguu, imekunjwa kwenye mfuko. Pale mpakani nilikuta mtandao wao umelala na foleni imefika hadi nje kwenye jua. Watu walinung'unika. Mwanamume mmoja mbele yangu, mwenye mkoba na jasho, aligeuka akaniuliza, "Mama, hawa watu watatusimamisha hapa mpaka lini?"

Nilimwambia sijui. Mguu wa kushoto ulikuwa umeanza kuuma, kidole kwa kidole, na niliweza kuvitaja vyote. Dada mmoja aliyekuwa ameketi ukutani aliona ninavyoegemea reli ya chuma ya foleni, akainuka akanipisha.

"Keti, mama."

"Asante, dadangu," nikamwambia. "Wacha nisimame."

Foleni ikasogea kidogo, nami nikasogea nayo.